Daftari langu limejaa "naomba" tupu. Nianzeje kumsifu Mungu kila siku?

Binti_wa_Hana

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kuna jambo limeninyima usingizi tangu Jumapili, naomba mnisaidie. Nina daftari la maombi. Nimelipiga mstari kwa rula, kushoto nimeandika "Nimeomba", kulia "Amejibu". Kila ombi lina namba na tarehe, na likijibiwa naweka alama ya vema. Jumapili usiku nililifungua nichague ushuhuda wa kutoa kwenye ushirika wetu, nikajikuta nimelisoma lote kuanzia ukurasa wa kwanza.

Maombi yako 64. Yenye vema ni 23. Ishirini na matatu jamani, si haba! Lakini nilipofika namba 17 nikashindwa kuendelea. Namba 17 ni jicho la mama yangu. Mama alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, akafika mahali hatambui nyuso zetu mpaka tumsemeshe. Walianza na jicho la kulia. Asubuhi bandeji ilipoondolewa alitulia kidogo, akatazama ukutani, akasema, "Saa mbili kasorobo." Alikuwa anasoma saa ya ukutani! Mimi nilikuwa nimeshika mfuko wake wa nguo, nikaangua kilio palepale mlangoni.

Sasa tazameni daftari. Namba 17, vema. Mstari unaofuata, tarehe ileile, kalamu ileile ya bluu: "18. Bwana, naomba..." Katikati hapo hakuna hata neno moja. Mungu amempa mama yangu macho, mimi nikageuza tu ukurasa wa mahitaji.

Jumatatu niliamka na azimio kwamba leo siombi kitu, nasifu tu. Nikapiga magoti. "Wewe ni mkuu, wewe ni mwema, wewe ni mwaminifu." Nikarudia. Nikarudia tena. Haikufika dakika moja, nikawa sina cha kusema, na maneno yenyewe yakawa kama salamu unayoitoa huku unatembea. Kabla sijajua, tayari nilikuwa nimerudi kwa mdogo wangu wa kiume, ambaye huu ni mwaka wa pili hana kazi. Yeye ni namba 3 kwenye daftari, na bado hana vema.

Naombeni mniambie nyie mnaofanya hivi. Kusifu ni kitu gani hasa, na kinatofautianaje na kushukuru? Mnasema nini mkiwa peke yenu chumbani, bila kwaya wala vyombo? Na siku ambayo moyo umelemewa, ukimwambia Mungu "wewe ni mwema" huku hujisikii hivyo, si ni unafiki huo?

---

Sauti_ya_Tatu

Amina, dada. Mimi ni mwanakwaya, naimba sauti ya tatu, na nataka nikuambie ukweli mmoja wa upande wetu. Usidhani walioko mbele wanasifu kuliko wewe. Kuna mazoezi tumekaa saa mbili nzima tunabishana kuhusu nani anaingia mapema kwenye kiitikio, tukafunga kwa sala fupi tukaenda zetu. Mwalimu wetu siku hizi, kabla hatujaanza kuimba, anatutaka kila mmoja ausome wimbo kimyakimya halafu aseme ni mstari upi ni wa kweli kwake wiki hii. Siku ya kwanza wengi tulikaa kimya kwa aibu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mdogo. Chukua ubeti mmoja wa wimbo unaoupenda, usiimbe, usome kama barua unayomwandikia Yeye. Badilisha "yeye" iwe "wewe". Utashangaa.

---

Mzee_wa_Alfajiri

Tumsifu Yesu Kristo.

Binti yangu, mimi ni Mkatoliki, na kwa miaka mingi nasali Masifu ya Asubuhi kabla sijazungumza na mtu. Kabla ya kustaafu nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo utanivumilia nikianzia kwenye neno lenyewe.

Sifa katika lugha yetu ni yale maneno ya kumkweza mtu, na tena ni hali iliyomo ndani ya kitu. Tunasema sifa za chuma, sifa za mwombaji kazi. Darasani nilikuwa nawaambia watoto kwamba kivumishi ni neno linalotaja sifa ya nomino. Basi kumsifu Mungu ni kutaja alivyo. Hakuna anayekudai utunge maneno matamu. Jumatatu uliishiwa kwa sababu ulitaja vivumishi vitatu bila sentensi. Mkuu kwa lipi? Mwema kwa nani? Mwaminifu tangu lini?

Fungua Zaburi ya 136. Ina aya 26, na kila aya inamalizia kwa kusema fadhili zake ni za milele. Ukiyasema maneno hayo peke yake mara 26 utachoka kama ulivyochoka wewe. Lakini nusu ya kwanza ya kila aya ni habari: alizifanya mbingu, akaitandaza nchi juu ya maji, akaigawa Bahari ya Shamu, akatukumbuka tulipokuwa wanyonge, anawapa chakula wote wenye mwili. Habari inakuja kwanza, ndipo kiitikio kinapata uzito. Nawe unazo habari, tena za kutosha. Ziko 23 kwenye daftari lako na zina tarehe.

Kuhusu tofauti uliyouliza, chukua namba 17 hiyohiyo. Ukisema "ahsante kwa jicho la mama", umeshukuru, na ni vizuri. Halafu soma Zaburi ya 94, pale inapouliza kama aliyelifanya jicho anaweza kuwa haoni. Hapo unainua uso kutoka kwenye jicho la mama unamtazama aliyelibuni jicho, na unamwambia: Wewe unaona. Ulimwona mama miaka yote ambayo yeye hakutuona. Hiyo sasa ni sifa. Shukrani inashika kilichotolewa, sifa inamshika mtoaji. Katika maisha zinapishana mlango mmoja, usihangaike sana kuzitenganisha.

Wapo watakaokuuliza kama Mungu ana haja ya kusifiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, sote tunalijua hilo, na binadamu ndivyo tulivyo. Mungu haharibiki kwa sifa, wala hapungukiwi akizikosa. Mimi ndiye ninayezihitaji, ili nikumbuke nasema na nani kabla sijaanza kudai.

Sasa utaratibu. Mtunga Zaburi anasema, "Mara saba kila siku nakusifu" (119:164), na Mtakatifu Benedikto wa Nursia, katika karne ya 6, aliushika mstari huo akawapangia wamonaki wake sala saba za mchana, mbali na ile ya usiku. Wewe una nyumba na kazi, usianze na saba. Kanisa limeweka nyimbo tatu za Injili ya Luka katika sala za siku: wa Zakaria asubuhi, wa Maria jioni, wa Simeoni kabla ya kulala. Mimi nampenda zaidi Zakaria. Alikuwa bubu tangu alipomtilia shaka malaika hekaluni hadi mtoto alipozaliwa na kupewa jina. Fikiria mtu aliyenyamaza muda wote huo ana mangapi ya kulalamika, ya kueleza, ya kuuliza! Luka anasema kinywa kilipofunguliwa alinena akimsifu Mungu. Huwa namkumbuka yeye ninapofungua kinywa changu kwa mara ya kwanza asubuhi, na kwa sababu hiyo nimejizuia nisiguse simu kabla ya hapo. Wimbo wa Simeoni ni aya nne tu. Hata mtu aliyechoka sana anaziweza.

Na kama unataka njia moja tu ya kuanzia, shika Zaburi ya 145. Kichwa chake kinaiita "sifa", na katika Kiebrania aya zake zinafuata mpangilio wa alfabeti, kama kwamba Daudi alitaka kumsifu kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Aya ziko 21. Aya moja kwa siku. Isome kwa sauti, kisha ongeza sentensi yako moja yenye "kwa sababu". Moja tu, ya siku hiyo. Usilazimishe ya pili.

---

Taa_Ndogo

Dada, wengine wamekujibu vizuri, mimi najibu lile swali lako la mwisho tu, la unafiki, maana nimelibeba.

Nilimzika mwanangu. Sitaeleza zaidi ya hapo. Kwa miezi mingi baada ya msiba nilikuwa nikiingia ibadani, wakati wa kusifu ukifika natoka nje nasimama kwenye ngazi mpaka wamalize. Walikuja wapendwa wakaniambia sifu tu, ukisifu huzuni itakimbia. Walisema kwa upendo, najua. Ila haikukimbia, na nikawa na mizigo miwili, wa mtoto na wa kushindwa kusifu.

Kilichonisaidia ni Zaburi ya 88. Itafute. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu, na baada ya hapo ni kilio hadi mstari wa mwisho, na neno inalomalizia nalo ni giza. Hakuna "lakini" mwishoni. Na bado imo katika kitabu ambacho Waebrania wanakiita Tehillim, yaani Sifa! Niliposikia hilo nililia sana. Kumbe kilio changu kilikuwa na nafasi ndani ya kitabu cha sifa, wala sikuhitaji kusimama kwenye ngazi.

Nakumbuka usiku mmoja nilikuwa nakunja nguo zake. Nilikuwa nimekunja shati moja nikalikunjua, nikalikunja tena. Sikuweza kusema "wewe ni mwema". Kama ningesema, hapo ndipo ungekuwa uongo. Nikamkumbuka Hajiri katika Mwanzo 16, yule mjakazi aliyekimbilia jangwani na mimba yake. Alimwita Mungu kwa jina, akasema ni Mungu aonaye. Na shida yake ilikuwa haijaisha, aliambiwa arudi kulekule kwa bibi yake. Basi nikasema hilo tu, nikiwa na shati mkononi: "Wewe unaona." Nililiamini. Ndiyo sifa niliyokuwa nayo, na niliisema kwa miezi mingi kabla sijapata nyingine.

Kwa hiyo usimwambie Mungu sifa ambayo leo huwezi kuibeba. Tafuta moja ambayo bado unaiamini, hata kama ni ndogo. Soma na Zaburi ya 13 ukipata nafasi. Daudi anauliza "hata lini" mara nne, na Zaburi yote ina aya sita tu. Mwisho anasema atamwimbia Bwana, na hatuambiwi kama adui alikuwa ameondoka. Waebrania 13:15 inaiita "dhabihu ya sifa". Dhabihu ina gharama, dada. Ukiitoa huku unatetemeka haigeuki kuwa unafiki.

Siku hizi sitoki tena nje wakati wa kusifu. Baadhi ya nyimbo bado naziacha zipite.

---

Mkulima_wa_Neno

Niongeze kidogo, maana naona dada anaanza kuyaonea haya maombi yake. Usiyafute! Mwombaji mkubwa ni yule anayejua aliko na anayemwendea. Kila ulipoandika "naomba" ulikiri kwamba yuko na anaweza. Yesu alipofundisha kusali katika Mathayo 6 hakuondoa mkate wala deni wala kuokolewa na yule mwovu. Alichofanya ni kupanga: jina, ufalme, mapenzi ya Baba, kisha mkate wa leo. Jina lake linatajwa kutukuzwa kabla hatujataja tumbo. Hesabu mistari yenyewe siku moja ukiwa unasali polepole, utaona ni karibu nusu kwa nusu.

Na wale wakoma kumi wa Luka 17, wote waliomba na wote wakatakasika. Mmoja ndiye aliyerudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu, naye alikuwa Msamaria. Bwana hakuwalaumu tisa kwa kuomba. Aliuliza wako wapi. Wewe umeshageuka njiani, dada, ndiyo maana usingizi umekukimbia.

---

Binti_wa_Hana

Shikamoo Mzee wangu, na wapendwa wote Bwana Yesu asifiwe. Safari hii nimeandika salamu hii taratibu. Naitamka mara ngapi kwa siku? Kwa simu, mlangoni, kwenye ujumbe, na sikuwahi kusikia kwamba tayari ni sifa, nayo ina jina lake ndani.

Taa Ndogo, mama, sina maneno ya kukupa. Nimesoma ulichoandika mara nyingi. Namuomba Mungu aonaye akutunze, na nimeona niache hapo.

Leo ni siku ya 14, niwape habari.

Nilichukua rula nikaongeza safu ya tatu. Kurasa za nyuma hazikuwa na nafasi, kwa hiyo nimepitisha mstari kwenye ukingo, maandishi yamebanana kidogo. Juu yake nimeandika "Yeye ni nani". Nilianza na yale 23 yenye vema. Nilidhani ni kazi ya jioni moja, imenichukua siku tano, maana kila nililofikia lilinisimamisha. Namba 9, ada iliyopatikana siku ya mwisho, niliandika "hachelewi", nikaona si kweli kwa jinsi nilivyoteseka kusubiri, nikafuta nikaandika "hakutuacha tukiwa kwenye foleni". Namba 17 niliandika alivyosema Mzee: "Wewe unaona."

Zaburi ya 145 nimeishika. Aya moja, sentensi moja yenye "kwa sababu". Zipo siku sentensi inakuja haraka. Siku ya sita haikuja kabisa, nikasoma aya tu nikaenda kazini, na jioni nikiwa nasuuza vyombo ikaja yenyewe. Nimegundua pia kwamba nikishaisema ile sentensi, maombi yangu yanabadilika. Yamekuwa mafupi. Kabla ya hapo nilikuwa namweleza Mungu hali ya mdogo wangu kwa kirefu, kama mtu anayemweleza afisa ambaye hajasoma faili.

Jambo ambalo sikulitarajia ni mama. Nilimpigia simu nikamweleza kuhusu safu ya tatu na kuhusu namba 17. Alinyamaza. Nikadhani mtandao umekatika. Kisha akaniuliza, "Leo mko aya ya ngapi?" Nikamwambia ya tisa, nikaanza kumsomea. Akanikatiza: "Ngoja, nitafute miwani." Nikasikia anafungua Biblia, ile kubwa iliyokuwa kabatini tangu macho yalipofifia, nikasikia kurasa. Akasoma mwenyewe, taratibu, neno baada ya neno, nadhani kwa kidole: "Bwana ni mwema kwa watu wote." Halafu akasema, "Kwa sababu nimeisoma." Akakata simu ili asinililie.

Tangu siku hiyo tunapokezana. Siku moja anasoma yeye, siku moja mimi.

Mdogo wangu bado hajapata kazi. Namba 3, safu ya pili iko wazi. Leo ilikuwa zamu ya mama, aya ya 14, kwamba Bwana huwainua wote walioinama chini. Mdogo wangu alikuwa amekaa karibu nami nikaweka simu ya sauti asikie, na hakuondoka mpaka mama amemaliza. Nikaandika maneno hayo kwenye safu ya tatu, kwa ile kalamu ya bluu. Kesho ni zamu yangu, aya ya 15, na amesema nimwamshe.